Siku Mbaya Kabisa ya Kupanda Shayiri

Thangmar, 6 Machi 1988

Kaka Paldan,

Jule. Kama barua hii imekukuta umekaa mbele ya jiko la Nilza na mguu umeuegemeza kwenye mto, usijisumbue kuinuka, isome hapohapo. Huku tu wazima wote, watu na mifugo, isipokuwa jogoo wa Bibi Angmo aliyeganda kwa baridi mwezi uliopita, tukamla. Mwambie binti yako Nilza kwamba shangazi yake anamshukuru kwa kukutunza majira yote ya baridi. Najua si kazi ndogo.

Sasa twende kwenye shida yangu. Theluji ya mashamba ya chini imekwisha. Jana nilichomeka kidole kwenye udongo karibu na mlango, kikazama hadi fundo la pili. Mume wangu Chosphel amewatoa dzo wetu wawili wa kulimia juani, amewakagua kwato, ameipaka nira mafuta, na sasa kazi yake ni kukaa juu ya ukuta na kuniuliza, "Kaka yako amesemaje?" Mkuu wa kijiji, Morup, ameshatangaza kwamba hakuna jembe litakalogusa ardhi mpaka mnajimu wetu arudi, afungue kitabu, ataje siku, na ataje mtu aliyezaliwa mwaka wa mnyama gani atakayerusha konzi ya kwanza ya mbegu. Ndivyo ilivyo tangu enzi za baba na wala sibishi. Lakini mnajimu mwenyewe ni wewe, na uko mjini Leh!

Unalijua shamba langu la juu, lile lililo chini ya jabali. Jua hulifikia la mwisho na huliacha la kwanza. Mwaka jana ulikuwa na kikohozi, tukachelewa kupanda, baridi ikaikuta shayiri bado mbichi, na tangu hapo tunakula mchele wa serikali kama wagonjwa. Chosphel anasema tukikosa tena itabidi tumuuze dzo mmoja. Dzo mmoja hakokoti jembe, kaka. Hapo tutakuwa tumeacha kulima. Kwa hiyo taja siku, au uje uitaje kwa mdomo wako mwenyewe.

Halafu niambie na mambo madogo ya mwezi huu. Nywele zangu zimefika kiunoni, kila nikishika mkasi nakuona umenikodolea macho. Na kuna mbuzi wa jirani nataka kumnunua, ila nakiogopa kitabu chako kuliko ninavyoyaogopa meno ya mbuzi huyo.

Mdogo wako asiye na subira,
Yangdol


Leh, 11 Machi

Mdogo wangu Yangdol,

Nimeipokea barua yako kwa mikono miwili. Goti linaendelea vizuri. Naweza kutembea hadi sokoni na kurudi, na siku nyingine nakwenda mara mbili ili lisikaze.

Kuhusu mwezi huu, sikiliza vizuri na usifanye utani. Nywele usikate kabla ya tarehe kumi na tisa. Ukikata siku mbili kabla yake utagombana na mtu wa nyumbani, na najua ni nani atakayeumia. Mbuzi mnunue Jumatatu, aingie zizini akitazama mashariki. Jumanne usimwazime mtu chumvi wala moto, hata akilia. Mfereji wa maji msiusafishe bado, kwa sababu roho wa majini wamelala, na wakiamshwa kwa kelele za makoleo watoto wataota majipu. Chosphel asianze dawa yoyote siku za mwisho za mwezi unaokwisha, haitamsaidia. Na wewe usifue blanketi.

Kuhusu safari yangu, njia ya magharibi imefungwa. Simaanishi barabara, basi linapita kama kawaida. Namaanisha nyota. Mtu wa mwaka wangu akielekea magharibi kabla mwezi mpya haujaandama, anabeba maradhi na kuyaingiza nyumbani. Subirini mwezi uandame. Siku ya kupanda nitaitaja nikifika, maana lazima niushike udongo mwenyewe.

Nakutumia soksi za sufu kwa mkono wa dereva Ghulam. Nimezinunua sokoni kwa mama mmoja anayeuza soksi na aprikoti kavu. Ni mtu mcheshi. Ananiita Mzee wa Kalenda.

Kaka yako,
Paldan


Thangmar, 15 Machi

Kaka,

Soksi zimefika, ni nzuri, zinapasha moto hadi magotini. Mbuzi ameingia akitazama mashariki, akageuka papo hapo akanipiga pembe upande wa magharibi. Sijui kitabu kinasemaje kuhusu hilo.

Ng'ambo ya mto wameanza kulima. Tunawasikia asubuhi wakiwaimbia dzo wao. Chosphel anakaa ukutani akitikisa mguu kwa wimbo wa watu wengine, kaka, inatia huruma. Wao wana mnajimu wao, kijana mdogo tu, lakini yuko kwao! Morup bado ameshikilia neno lake. Nilimwambia, "Mkuu, hata shamba moja tu?" Akanijibu, "Yangdol, usinitie majaribuni, hata mimi mgongo unaniwasha."

Njoo basi. Mwezi unaandama kesho kutwa. Goti linalokwenda sokoni mara mbili kwa siku linaweza kukaa kwenye basi.

Yangdol


Leh, 21 Machi

Yangdol,

Mwezi umeandama kweli, sikatai. Lakini nilipofungua kitabu nikakuta kwamba wiki hii nyota yangu mwenyewe imeingia kwenye nyumba ya moto, na mtu wa namna hiyo akipanda chombo cha magurudumu anajitakia makubwa. Ningekuwa mtu wa kawaida ningepuuza. Mimi ni mnajimu, watu wananitazama.

Hata hivyo, kesho ni siku njema sana ya kuanza safari ya kuelekea magharibi, na sitaki kuipoteza. Kwa hiyo nimefanya kama tunavyofanya siku zote. Nimempa Ghulam koti langu jekundu na kofia, avipeleke. Koti likishatoka na mimi nimeshatoka, na siku njema tumeitumia. Mwili utafuata ndani ya wiki hii au ijayo.

Mfukoni mwa koti kuna soksi. Jozi tatu. Nyingine ni za Chosphel, nyingine za Bibi Angmo.

Paldan


Thangmar, 25 Machi

Kaka mpendwa, kaka mwenye koti,

Kaa chini. Mwambie Nilza akumiminie chai kwanza.

Basi la Ghulam lilifika juzi saa za chai. Kijiji kizima kilikuwa barabarani, Morup ameshavaa mkanda wake mpya, Bibi Angmo ameshika kitambaa cheupe cha kukuvisha. Ghulam akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akatoa koti. Tukasubiri. Akafunga mlango.

"Mwenyewe yuko wapi?" Morup akauliza.

"Mwenyewe ndiye huyu," Ghulam akasema. "Nimeambiwa nimwendeshe taratibu."

Wakaanza kubishana palepale. Mmoja akasema koti ni koti. Baba Rigzin akasema, "Mwaka juzi nilipokwenda kumtazama binti yangu, si mzee mwenyewe aliniambia nitupe kofia nje ya mlango, akasema tayari nimesafiri? Nililala nyumbani siku nne nikiwa safarini!" Bibi Angmo ndiye aliyekata maneno. Alilisogelea koti, akalivisha kile kitambaa, akainama. "Jule, mzee. Goti linaendeleaje?" Halafu akatugeukia. "Kama koti likitoka mtu ametoka, basi likifika mtu amefika. Au mnataka kusema mnajimu wetu ni mwongo?"

Nani angethubutu kusema hivyo mbele ya koti lako?

Tukakubeba hadi kwangu. Tukakukalisha kwenye zulia, juu kabisa, kofia tukaiegemeza kwenye ukosi. Ukamiminiwa pombe ya shayiri mara tatu na hukunywa hata tone, Bibi Angmo akasema safari hii una adabu kuliko mwaka jana. Kisha Morup akakuuliza kwa heshima zote, "Mzee, siku gani?" Ulinyamaza. Akauliza kama kesho ina ubaya wowote. Ulinyamaza vilevile. "Hajakataa," akasema Morup. Akauliza mtu wa mwaka gani atarusha mbegu ya kwanza. Hapo watu wote walikutazama, nikaona mambo yataharibika. Nikasema, "Kaka yangu aliniambia ni Sungura."

Hukuniambia, najua. Na mimi ni Sungura, hilo nalo unalijua. Nisamehe au usinisamehe, lakini jana asubuhi nilisimama kwenye shamba la juu na aproni imejaa mbegu, wewe umekalishwa juu ya jiwe umefungwa kamba usipeperuke, na nilirusha konzi ya kwanza mpaka bega likalia. Chosphel aliwaimbia dzo kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane. Tumemaliza mashamba yote mawili. Kijiji kizima kinalima leo, hata sasa nawasikia.

Jambo moja la mwisho. Nilimuuliza Ghulam kwa upole, nikampa na mkate wa pili, kwa nini mzee haji. Akacheka mpaka akapaliwa. Anasema kila siku uko sokoni, umekaa juu ya gunia la aprikoti pembeni ya mama wa soksi, unawapangia wateja wake siku za kununua. Kaka, nimehesabu soksi zilizofika humu ndani. Una miguu mingapi?

Sungura wako,
Yangdol


Leh, 29 Machi

Yangdol! Yangdol!

Umenifanya nini? Tarehe ishirini na nne! Unajua tarehe ishirini na nne ni siku gani? Kitabuni ina alama nyeusi pembe zote. Siku hiyo ardhi imelala chali, ukiichoma jembe unaichoma tumboni. Haifai kupanda, haifai kujenga, haifai kuoa, haifai hata kuanza kushona kofia. Inafaa kitu kimoja tu, kuchimba shimo la choo! Siku yenyewe niliyokuwa nimewawekea ni tarehe thelathini na moja, siku tamu kuliko zote za mwezi, na mtu wa kurusha mbegu alikuwa Ng'ombe. Ng'ombe, si Sungura! Mngesubiri wiki moja tu.

Nilitaka kumwandikia Morup mara moja. Nikachukua kalamu, kisha nikafikiri ataniuliza nini. Ataniuliza kama nilikuwa na siku mkononi tangu mwanzo, kwa nini sikuituma. Hapo sina jibu ninaloweza kulitoa mbele ya watu, kwa hiyo nakupa wewe.

Ghulam hakudanganya. Anaitwa Dechen. Ni mjane, hana mtoto, ana kibanda cha soksi karibu na duka la taa. Mwanzoni mwa mwezi wa pili alinisimamisha akaniuliza siku njema ya kufungua kibanda baada ya baridi. Nikamtajia. Akafungua siku nyingine, akauza soksi zote kabla ya mchana, kisha akanitafuta ili anicheke. Kesho yake nikarudi. Nikarudi tena. Ningewatajia siku ya kupanda mngeniita nije, na ningekuja, na kibanda kingebaki huku. Kwa hiyo nikawa naiahirisha, mimi na kitabu changu, kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

Sasa sikiliza ubaya wake. Mimi ni Nyani. Yeye ni Simbamarara. Unajua miaka hiyo miwili inavyotazamana kwenye duara, kama mbwa wa nyumba mbili za jirani. Nimekipekua kitabu kila jioni nikitafuta siku moja tu ambayo wawili hao wanaweza kuingia mlango mmoja, na hakuna. Si mwaka huu, si mwaka ujao. Ningekuwa nampangia mtu mwingine ningemwambia, ndugu yangu, nenda nyumbani ukamsahau. Sijamwambia Dechen neno lolote. Najua kuzungumza habari za soksi tu.

Basi nimejiwekea nadhiri, na usinicheke. Wewe umepanda siku mbaya kuliko zote, kwa mkono wa mtu asiyestahili. Kama shayiri ya shamba lako la juu itaota, nitamwambia Dechen. Isipoota, narudi Thangmar peke yangu, nitawaomba radhi ardhi na majirani, na mambo ya soksi yatakuwa yamekwisha.

Morup usimwambie.

Kaka yako, Nyani mzee,
Paldan


Leh, 12 Aprili

Yangdol,

Ghulam amerudi mara mbili bila barua yako. Anasema theluji ilianguka huko mwishoni mwa mwezi, theluji nzito, na kwamba hakukuona mtu mashambani. Nilimuuliza, "Umeona kijani chochote?" Akasema ameona nyeupe tu. Nilimuuliza kama amekuona wewe. Akasema alikuona kwa mbali, ulikuwa umesimama kwenye ukuta wa shamba la juu, na hukumpungia mkono.

Wewe hujawahi kuacha kumpungia mtu mkono. Niandikie, hata kama ni habari mbaya. Kama unaona aibu, mimi ndiye nilichelewesha. Kama watu wanakusema, waambie mnajimu alikuwa anakaa juu ya gunia.

Nimejaribu kukutafutia siku njema ya kupokea habari mbaya. Hakuna siku kama hiyo kitabuni.

Paldan


Leh, 14 Aprili

Kwako Mama Yangdol wa Thangmar,

Jule. Hatujaonana, lakini nimeambiwa miguu yako yote miwili imevaa kazi ya mikono yangu. Mimi ni Dechen wa soksi.

Nilza amenieleza kila kitu. Alikuja kununua aprikoti, nikamuuliza kwa nini baba yake siku hizi anakaa kibandani kama mtu anayesubiri hukumu, naye akamwaga yote, shayiri, koti, Nyani, Simbamarara na nadhiri. Yule mtoto hawezi kutunza siri, na baba yake hawezi kuitoa. Sijui waliishije katika nyumba moja.

Sikidharau kitabu, mama. Mama yangu aliishi nacho, na nilipoolewa mara ya kwanza kilifunguliwa mezani. Nyota zetu zilipatana kama chai na siagi. Mume wangu alikuwa mtu mwema, barabara ya mlimani ikamchukua mwaka wa tatu. Silaumu nyota. Ila sasa nina miaka hamsini, na nimechoka kuulizwa ni mnyama gani kabla sijaulizwa nataka nini. Namtaka kaka yako. Ananichekesha bila kujua. Mteja akija kununua soksi anamwambia arudi Alhamisi, halafu anamkimbilia na goti lake hilo kumwambia hapana, nimekosea, nunua leo. Mwezi huu nimepata wateja wengi kwa sababu watu wanakuja kumsikiliza.

Sasa niambie ukweli, mwanamke kwa mwanamke. Imeota? Kama haijaota, yeye usimwambie, niambie mimi. Kaka yangu wa kijiji cha Sabu ana gunia la mbegu nzuri. Nitapanda nalo basi la Ghulam, tutapanda upya shamba lako, mimi na wewe, siku yoyote ambayo mvua hainyeshi. Yeye abaki huku akisoma. Haitajulikana ni shayiri ipi iliyoota.

Wifi yako, kama utakubali,
Dechen


Thangmar, 22 Aprili

Wifi Dechen, na wewe kaka, maana najua barua hii itapitia kwa Nilza,

Wifi nimekubali kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Nilipofika pale kwenye gunia la mbegu nilikaa chini mlangoni nikalia, Chosphel akadhani kuna msiba.

Samahani kwa kunyamaza. Ilikuwa hivi. Usiku wa kuamkia tarehe thelathini na moja theluji ilianguka. Kaka, ile siku yako tamu kuliko zote za mwezi hatukuweza hata kufungua mlango. Chosphel alitokea kwenye tundu la paa na koleo, akapiga kelele, "Nani anataka kupanda leo? Ng'ombe yuko wapi?" Nilicheka siku hiyo. Siku zilizofuata sikucheka. Theluji ilikaa, barua yako ya alama nyeusi ikafika, na nikaanza kuwaza. Nilirusha mbegu siku mbaya, kwa jina la uongo, kwa niaba ya kijiji kizima. Wengine nao wana watoto. Nilikuwa siwezi kula. Kila asubuhi napanda hadi shamba la juu, natazama weupe ule, narudi.

Mwisho nikashindwa. Nikaenda kwa Morup nikamwambia, "Mkuu, ni mimi. Koti halikusema Sungura. Na siku ilikuwa mbaya, kaka ameandika."

Morup alikuwa anafuma kamba, hakuinua hata kichwa. "Yangdol, unatuona sisi wajinga? Koti limesema lini?"

"Sasa mbona mlikubali?"

"Kwa sababu tulitaka kupanda. Kila mtu alikuwa anangoja mwenzake aseme neno, ukasema wewe. Kaa unywe chai."

Kaka, nilikunywa vikombe vitano.

Baadaye theluji ikayeyuka taratibu na maji yake yakazama yote. Mashamba ya chini yakaota wiki iliyopita, ya kwetu na ya majirani. La juu likabaki kimya. Sikuandika kwa sababu nadhiri yako ilikuwa ya shamba la juu, na sikutaka kukudanganya, wala sikutaka kukuambia bado. Jana jioni Chosphel alirudi kutoka huko, akasimama mlangoni, akaanza kusafisha pua kama mtu mwenye mafua. "Nenda ukaone," akasema. Nilipanda mbio nikiwa na soksi tu. Upande wa jabali, pale pabaya kabisa, pale ambapo mwaka jana hapakuota hata magugu, mistari imesimama. Nilipiga magoti nikaigusa kwa kiganja ili nihakikishe. Wifi, gunia la kaka yako abaki nalo, tutalihitaji mwaka mwingine. Imeota. Imeota yote.

Sasa zamu yako, kaka. Tangu mama yake Nilza afariki unakula peke yako pale dirishani, bakuli moja, kijiko kimoja, na nikikuletea chakula unaniambia leo si siku njema ya kukaa na watu. Nilikuwa nakuachia. Nilikosea, ningeingia tu. Kitabu chako nakiheshimu, na mwakani nitakuuliza tena lini nikate nywele, na nitakutii. Lakini hili usilitafute humo. Nenda pale kwenye gunia umwambie. Nenda na goti lako hivyo hivyo.

Yangdol


Leh, 4 Mei

Mdogo wangu,

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya kibanda na barua yako mkononi, nikasema, "Dechen, shayiri imeota." Akasema, "Najua, Nilza alipita hapa." Nikasema, "Kwa hiyo..." Akasema, "Kwa hiyo ndiyo." Mama mmoja aliyekuwa anachagua soksi akaanza kupiga makofi, na nikamwambia anunue zote leo, leo ni siku njema. Alinunua jozi moja.

Halafu tukakaa kupanga. Kwa vile hakuna siku njema kwa Nyani na Simbamarara, Dechen aliniuliza ipi ni mbaya kuliko zote. Nikamwonyesha tarehe tatu, yaani jana. Akasema hiyo hiyo. Na sikiliza, Yangdol, ina faida ambazo sikuzijua katika maisha yangu yote ya kazi. Kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayeoa siku kama hiyo, mtawa alikuwa na nafasi tangu asubuhi, mpishi alikuwa na nafasi, wapiga ngoma walikuja wote na walipiga mpaka walipochoka wenyewe. Mtawa aliniuliza mara mbili kama nimeisoma tarehe sawasawa. Mvua ilinyesha, hema likavuja, Nilza akalia, Ghulam akacheza ngoma na viatu vya dereva. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, akabaki kula.

Tunakuja na basi la Jumanne, mwili na koti pamoja. Morup nitamwomba radhi mwenyewe. Usiulize Jumanne ni siku gani, sijatazama.

Sasa ni asubuhi, nakuandikia kabla ya chai. Leo kabla sijafungua macho vizuri, mtu alisema, "Paldan, umelalaje?" Nililala pale nikitafuta la kujibu, Yangdol. Miaka mingi sana hakuna aliyeniuliza, nilikuwa nimesahau watu hujibu nini.

Kaka yako,
Paldan